Hodi ya Shinji: nilivyoziona sehemu nne za mwanzo za Neon Genesis Evangelion

Nina binamu yangu aliyekulia Maskati. Tukiwa watoto, kila akija Unguja likizo alikuwa anapanda barazani, anatanua mikono na kutuimbia kwa Kiarabu wimbo wa Grendizer, katuni ya Kijapani ya roboti, ule aliouimba Sami Clark wa Lebanoni. Sisi wa huku roboti lenyewe hatukuwahi kuliona. Tulilijua kwa mikono yake tu, na kwa jinsi alivyokuwa akikosa pumzi akihadithia. Basi kichwani mwangu roboti kubwa la Kijapani likabaki vilevile alivyotuonyesha yeye: linatoka ardhini, linampiga adui, linarudi mahali pake, na watoto tunakwenda kulala tumeridhika.

Kwa hiyo mpwa wangu, kijana wa miaka 15 aliyekuja kukaa kwangu Dar likizo hii, aliponiambia, "Mjomba, tuangalie Evangelion, ni maroboti," nilikubali bila kuuliza mara mbili. Tuliangalia sehemu mbili usiku wa kwanza na mbili usiku wa pili, kwa Kijapani chenye maandishi ya Kiingereza chini. Ya kwanza na ya pili nimeshazirudia peke yangu, na bado zimenikaa kifuani.

Ni katuni ya Kijapani ya zamani, hilo lijulikane mapema. Ilianza kurushwa na TV Tokyo tarehe 4 Oktoba 1995, sehemu 26, kila moja dakika ishirini na kitu, mwongozaji akiwa Hideaki Anno na studio ikiwa Gainax. Netflix ilianza kuionyesha mwaka 2019. Hadithi yenyewe imewekwa mwaka 2015, ambao kwa waliokuwa wakiichora ulikuwa bado mbali, na kwetu sasa uko nyuma. Michoro ni ya mkono. Kuna mahali picha inasimama kabisa na mtu anasikika anaongea tu, na mpwa wangu, aliyezoea katuni za siku hizi zinazokwenda mbio, alianza kunung'unika. Ilipofika katikati ya sehemu ya kwanza nilimtazama: alikuwa amekumbatia mto, hasemi kitu.

Tunamkuta Shinji Ikari, miaka 14, kwenye simu ya kulipia barabarani. Simu haiendi. Mji ni mtupu, watu wote wameshaingia mahandakini, na yeye ana picha ya mwanamke ambaye ndiye atakayempokea. Jua kali, nyaya za umeme, na nyenje wanalia. Nyenje wa katuni hii hawanyamazi, na nilidhani ni pambo tu mpaka nilipoelewa: mwaka 2000 wa hadithi hii dunia ilipatwa na janga lililoua nusu ya binadamu na kuvuruga majira, na tangu hapo Japani ni kiangazi mwaka mzima. Mjapani anayesikia nyenje wasiokoma anajua hapo hapo kwamba majira yameharibika. Mimi wa pwani, ambaye joto ndilo hali yangu ya kila siku, ilinibidi nifikiri kidogo.

Kisha linatokea dude. Halina kichwa kinachoeleweka, lina kitu kama barakoa ya mfupa kifuani, na majeshi ya Umoja wa Mataifa yanalimiminia kila kitu walichonacho bila kulikuna. Kiingereza kinaliita malaika. Kijapani kinasema *shito*, na hilo ni neno ambalo Wakristo wa Japani wanalitumia kwa mitume. Hapa nikasimamisha picha. Kwetu, msikitini na kanisani, Mtume na malaika si maneno ya kurushwarushwa, na niliona ni vyema nimweleze mpwa wangu kabla hatujaendelea kwamba watengenezaji wameazima majina tu na hakuna dini inayofundishwa hapa. Mlipuko mmoja unapaa juu kwa umbo la msalaba. Anayeona mambo haya ni mazito kwake, ajue mapema kwamba yamo.

Mwanamke wa kwenye picha anafika na gari lake la buluu, anaitwa Misato Katsuragi, na anampeleka kijana chini ya ardhi, kwenye makao ya taasisi iitwayo NERV. Barua iliyomwita Shinji ilitoka kwa baba yake, Gendo, mkuu wa taasisi hiyo. Hawajaonana miaka mitatu. Mtoto anaingizwa kwenye ukumbi wenye giza, taa zinawaka ghafla, na mbele yake kuna uso wa roboti, wa zambarau, mkubwa kuliko nyumba. Juu kabisa, nyuma ya kioo, amesimama baba. Anamwambia neno moja la kwamba ni siku nyingi, halafu anatoa amri roboti lile lirushwe vitani. Rubani ni wewe.

"Mjomba," mpwa wangu akauliza, "mbona hata hamsalimii?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Miaka mitatu. Mtoto ametoka safari, njiani nusura afe, na hakuna aliyempa pole. Hakuna "umefikaje," hakuna "umekula." Kwetu hata mgeni usiyempenda utamwuliza habari za alikotoka kabla hujamwambia shida yako. Anno na wenzake hawakuhitaji kutueleza kwamba baba huyu ana kasoro. Walimnyima salamu, basi. Na sauti ya Fumihiko Tachiki, anayemwigiza baba, haipandi hata kidogo. Anamzungumzia mwanawe kama anayesoma orodha ya vipuri.

Shinji anakataa. Anasema hawezi, hajawahi hata kukiona kitu kama hiki. Baba habishani naye. Anaamuru aletwe rubani mwingine, na analetwa: Rei Ayanami, msichana wa umri uleule, juu ya machela yenye magurudumu, bandeji kichwani na jichoni, dripu inaning'inia. Anajaribu kuinuka, anatetemeka, meno ameyauma. Mshindo kutoka juu unatikisa ukumbi, machela inapinduka, mataa ya dari yanaanguka kuelekea kichwa cha Shinji, na mkono wa lile roboti unapenya maji na kumkinga. Ndani yake hamna mtu. Wahandisi wanapiga kelele kwamba haiwezekani. Shinji anamwinua Rei, anatazama kiganja chake, kina damu ya msichana. Anajirudiarudia kwamba asikimbie, asikimbie, halafu anasema atapanda.

Nimeona hadithi nyingi za kijana anayekabidhiwa silaha, na huwa kuna furaha ya siri pale anapoipokea. Hapa hakuna. Hapa kuna mtoto aliyebanwa na watu wazima wakimtumia huruma yake mwenyewe, na Misato, ambaye ni mtu mwema, ni mmoja wao. Nilimkasirikia Misato kweli. Baadaye nilimpenda, lakini hasira ile sijaisahau, na nadhani ndivyo walivyotaka.

Roboti linarushwa juu usiku. Yule atakayekuwa shujaa wa dunia anaambiwa afikirie kutembea tu. Hatua ya kwanza: chumba kizima cha wahandisi kinashangilia kama mtoto mchanga amesimama. Hatua ya pili: linaanguka kifudifudi, na adui anakuja. Linashikwa mkono, mkono unavunjwa, na kijana aliye ndani analia kwa maumivu, kwa sababu anachofanyiwa roboti anakisikia mwilini mwake. Mkuki wa mwanga unapenya jicho la roboti mpaka kisogoni. Halafu, kata. Dari jeupe la hospitali. Asubuhi. Nyenje.

Nilidhani intaneti imeruka. Nilirudisha nyuma. Hapana, wamekusudia: pigano wamelificha, na nusu nzima ya sehemu ya pili tunakaa na kijana aliyetoka kwenye jambo asilolikumbuka, tunamfuata kwenye korido, kwenye lifti, dukani. Roboti limekwenda wapi? Nani alishinda? Wanatuacha tuhangaike, na katikati ya kuhangaika huko wanatuletea kitu ambacho sikukitarajia kabisa kwenye katuni ya maroboti.

Misato anasikia kwamba mtoto amepangiwa chumba cha peke yake huko huko chini ya ardhi, na baba hana neno. Anakataa. Anaamua atamchukua kwake. Njiani anampitisha kilimani wakati wa magharibi, na kule chini majengo ya mji, yaliyokuwa yamezamishwa ardhini kwa ajili ya vita, yanaanza kuota moja baada ya jingine, vivuli virefu, mpaka bonde tupu linakuwa jiji. Anamwambia huu ndio mji uliouokoa. Kisha wanafika kwenye fleti, mlango unafunguka, na Shinji anasimama nje ya kizingiti. Anasema *ojama shimasu*. Hilo ni neno la mgeni anayeingia nyumba ya watu, anaomba radhi kwa usumbufu wake. Misato anamwambia hapa ni kwako sasa. Kijana anasita. Anavuka kizingiti, na kwa sauti ndogo anasema *tadaima*, neno la mtu anayerudi kwao. Misato anamjibu kwa neno la kumpokea aliyerudi.

Maandishi ya Kiingereza yalijitahidi. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia Kiswahili chake.

Nilipokuwa na miaka 13 nilitolewa kwa bibi yangu kule Wete, Pemba, nikaletwa Dar kwa shangazi ili nisome. Shangazi huyo nilikuwa nimemwona mara mbili maishani. Wiki nzima ya kwanza, nikitoka shule, nilisimama mlangoni nikapiga hodi. Mlango uko wazi, pazia linapepea, watoto wake wananipita ubavuni wanaingia, na mimi nimesimama na mkoba, hodi, hodi. Siku moja shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Wewe mtoto, hodi ya nini? Hodi anapiga mgeni. Hapa kwenu." Siku ya pili yake sikupiga hodi. Niliingia nikatoa salamu kama walivyotoa wenzangu, na sauti ilinitoka nusu.

Kwa hiyo Shinji aliposita pale kizingitini nilijua anachosita. Megumi Ogata, mwanamama anayemtolea sauti, analikatisha lile neno katikati, anaanza silabi ya kwanza, anakwama, ndipo analimaliza. Nimerudia pale mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Ndani ya fleti ni vurugu: makopo ya bia, vyakula vya kupasha moto, na pengwini, ndege asiyeruka, anayeishi ndani ya friji yake mwenyewe. Wanapanga zamu za kazi za nyumbani kwa kuchezeshana mikono, na karibu zote zinamwangukia mtoto. Ndivyo nyumba ilivyo.

Na usiku huo, akiwa amelala kwenye chumba kipya, kumbukumbu inarudi na sisi tunaonyeshwa pigano. Si roboti lililoshinda kwa ustadi wa rubani. Limeamka lenyewe, limenguruma, limeuponya mkono wake uliovunjika, limemrukia adui na kumrarua kama mnyama. Baada ya mlipuko, Shinji anatazama kioo cha jengo na kuona kofia ya chuma imedondoka, na katika nyama ya uso ule jicho jipya linaota, linageuka, linamtazama. Anapiga yowe. Mpwa wangu aliruka kitini. Hiki kitu alichopandishwa si mashine, au si mashine tupu, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemwambia.

Jambo jingine lililonikamata ni umeme. Roboti hili lina kebo ndefu mgongoni, kebo ya kitovu, na ndivyo wanavyoiita kwenye katuni yenyewe, kwa neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Ikikatika, betri za ndani zinabeba dakika tano, na saa inaanza kuhesabu chini kwenye skrini. Kwetu kitovu cha mtoto kinazikwa, na mahali kilipozikwa ndiyo asili yake. Kwa hiyo kuliona lile jitu likiburuta kitovu chake mjini kulinipa picha ambayo bado naitafakari. Chumba cha rubani nacho kinajazwa maji ya rangi ya chungwa na kijana anatakiwa ayavute mapafuni apumue humo. Kitovu, maji, mtoto aliyejikunja ndani. Nadhani si bahati mbaya.

Dakika tano hizo ndizo zinazoendesha sehemu ya tatu. Shinji amepelekwa shule, na Toji, mwanafunzi mwenzake, anamtwanga ngumi kwa sababu dada yake mdogo aliumia katika pigano la usiku ule. Hakuna aliyewahi kuniuliza, katika hadithi zote za maroboti yanayoangukia majengo, nani alikuwa ndani ya jengo. Adui wa pili anapokuja, Toji na rafiki yake Kensuke wametoroka handaki kwenda kutazama, roboti linabwagwa kilimani, na vijana hao wawili wamejikunyata katikati ya vidole vyake. Kebo imeshakatwa. Shinji anawaingiza ndani, anaamriwa arudi nyuma, hasikii, anachomoa kisu na kuteremka mlima akipiga mayowe. Saa inafika sifuri na adui anazima karibu pamoja nayo. Katika giza lile la ndani, wavulana wawili wanamsikia shujaa akilia kwa kwikwi. Hakuna muziki wa ushindi.

Sehemu ya nne mpwa wangu aliiona imepooza. Mimi sikuiona hivyo. Shinji ametoroka nyumbani, anazunguka na treni siku nzima, kanda ileile masikioni, anatembea kwenye majani marefu asijue aendako. Hakuna pigano. Studio yenye roboti la kuuza vinyago inampa mtoto muda mrefu wa kutembea tu, na hilo limenifanya niiamini kazi hii kuliko mlipuko wowote.

Mabaya yapo na nayasema. Istilahi zinamwagwa bila maelezo, na mtu asiye mvumilivu atachoka kabla ya nusu saa. Misato amechorwa mara nyingine kwa jicho la kumtamani tu. Ile picha yake ya kwanza, na mzaha wa bafuni katika sehemu ya pili, vilinitia haya kukaa na kijana wa dada yangu, na sikuona hadithi ilivihitaji. Chini ya miaka 14 nisingemwonyesha mtu, na si kwa haya peke yake: maumivu ya mwili humu yanasikika kweli. Pia nje ya Japani ule wimbo wa kufungia, Fly Me to the Moon, Netflix hawakuuweka, umewekwa muziki wa piano. Ni mzuri, ila wanaoijua tangu zamani wana haki ya kulalamika. Kwa nyota, natoa nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya bafuni.

Mwisho wa sehemu ya nne Shinji ameacha kazi kwa hiari yake, anarudishwa alikotoka. Stesheni. Treni inaondoka, na Misato, aliyekimbia na gari kumwahi, anaona amechelewa, anainamisha kichwa. Anapoinua macho, kijana yuko pale pale kwenye jukwaa na begi lake. Hakupanda. Wanatazamana, na picha inasimama. Inasimama muda mrefu sana, mpaka mpwa wangu akanyoosha mkono kugusa laptop akidhani imeganda. Nikamshika mkono. Nilijua Shinji anatafuta neno, na nilijua neno lenyewe.

Akalisema. Lilimkwama tena mwanzoni.

Sehemu ya tano tunaanza leo baada ya Isha. Umeme mtaani kwetu umekatika jioni mbili mfululizo, kwa hiyo laptop ipo kwenye chaji tangu asubuhi.